Tusiwasingizie Wabudha, wala tusiseme dini zote ni moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwajibu wasomaji wawili walioandika hapa juu ya Wabudha wenye hekalu Garuga, karibu na Entebbe. Wa kwanza alisema watu wale wanaabudu sanamu na Mkristo asikanyage kwao. Wa pili, akimjibu, alisema hakuna haja ya kugombana kwa kuwa dini zote ni moja, na Budha na Yesu walifundisha jambo lilelile kwa majina tofauti. Mimi ni katekista wa kigango kimoja hapa Malaba, mpakani na Kenya, kazi niliyoianza nikiwa kijana, na naona wote wawili wamekosea. Huyo wa pili amekosea zaidi, ingawa maneno yake ni matamu.

Nianze na la sanamu, maana halihitaji wino mwingi. Mkatoliki hana haki ya kumrushia mtu jiwe kwa ajili ya sanamu. Walokole wa hapa mjini wameniuliza mara nyingi kwa nini napiga magoti mbele ya Bikira Maria, na kila mara nimewaeleza kwamba sisujudii plasta. Mbudha naye asikilizwe anapojieleza. Siddhartha Gautama alikuwa mwana wa mtawala, akazaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepali. Mapokeo yao yanasema aliacha jumba la baba yake akiwa na miaka 29, baada ya kukutana na mzee, mgonjwa na maiti, na akiwa na miaka 35 akapata mwanga chini ya mti huko Bodh Gaya, India. Hakudai kuwa Mungu. Hakudai kutumwa na Mungu. Ua linalowekwa mbele ya sanamu yake ni heshima kwa mwalimu.

Hekalu lenyewe liko upande wa ziwa, ukiiacha barabara ya Entebbe. Lilianzishwa mwaka 2005 na Mganda mwenzetu, Bhante Buddharakkhita, aliyelelewa Mkatoliki. Alikwenda India kusoma mwaka 1990, huko akakutana na watawa kutoka Thailand, na mwaka 2002 akapokea utawa California, Marekani. Kutoka hekaluni si mbali na Kigungu, alikoshukia Padri Lourdel, yule mmisionari Mfaransa tunayemwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Anayesema Ubudha ni kitu cha kigeni akumbuke kwamba dini yetu nayo ilifika ufukwe huohuo ikiwa ngeni, na ikabebwa na wageni. Ubudha huu umeletwa na mwana wa nyumbani.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Binti yangu anafanya kazi Entebbe na amepanga nyumba Garuga. Nilipokwenda kumtembelea nilimwomba anipeleke kwa hao watu nikawasikie kwa masikio yangu. Tulivua viatu mlangoni. Mtawa aliyetupokea alikuwa kijana, kichwa amekinyoa, amejitanda kitambaa cha rangi ya udongo kilichoacha bega moja wazi. Kiswahili anacho kizuri kwa sababu alikulia Jinja jirani na kambi ya jeshi. Akaniita mzee, akatutandikia mkeka, akatuomba radhi kwamba mazungumzo itabidi yaishe mapema, kwa kuwa mtawa wa tapo lao hali chakula kigumu baada ya saa sita mchana.

Nilimuuliza kama katekista anavyouliza: ukiamka asubuhi unamwomba nani?

“Mzee, simwombi yeyote,” akasema. “Naketi, naitazama pumzi yangu, naitazama hasira ikija na ikiondoka.”

Nikamwambia basi anipe hadithi ambayo angempa mama aliyefiwa na mtoto. Sikumtega. Padri wetu ana vigango vingi, hawezi kuwa kila mahali, na mazishi mengi ya watoto huku kwetu naongoza mimi. Mtu yeyote akija na dini yake, mimi nataka nijue kwanza anasema nini pale kwenye mkeka wa mama yule.

Akanisimulia habari za Kisa Gotami. Huyu alikuwa mama kijana, na mwanawe wa pekee alikufa akiwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mama akakataa kuamini. Akambeba nyumba hadi nyumba akitafuta dawa, mpaka mtu mmoja akamwelekeza kwa Budha. Budha akamwambia: niletee punje za haradali, ila zitoke katika nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Haradali ilikuwa katika kila jiko. Kila mlango walikuwa tayari kumpa, lakini akiuliza lile swali, wanamjibu: hapa amekufa baba, hapa mke, hapa watoto wetu wawili. Hakupata nyumba hata moja. Mwishowe akakubali kumzika mtoto, akarudi kwa Budha akaomba utawa.

Nami nikampa ya kwetu, Luka sura ya 7. Mjane wa Naini naye ana mwana mmoja tu, naye anapelekwa kuzikwa. Yesu anakutana na jeneza langoni mwa mji. “Bwana alipomwona alimwonea huruma, akamwambia, Usilie.” Akaligusa jeneza, kijana akaketi, akaanza kusema, na Yesu akampa mama yake.

Mtawa akaniuliza kwa adabu: “Mzee, na huyo kijana baadaye alikufa tena?”

Nikasema ndiyo. Alikufa kama watu wote, na Lazaro pia.

“Basi mama aliongezewa muda.”

Ni swali zuri, na Mkristo asilikimbie. Nilimjibu kwamba Naini ni ishara tu, na kwamba imani yetu yote imesimama juu ya kaburi lililokutwa wazi Yerusalemu siku ya tatu. Mtume Paulo hakujiwekea kichaka cha kujifichia. Aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Yule kijana akashangaa kidogo. Akasema kwao haiko hivyo: hata kama habari za maisha ya Budha zingekuwa na makosa, njia ingebaki njia, kwa sababu mtu anaipima mwenyewe kwa kuitembea. Budha aliwaambia Wakalama, watu wa India ya kale, wasipokee neno kwa kuwa tu limesemwa na wazee au limeandikwa katika vitabu, walijaribu waone linazaa nini.

Hapo, Mhariri, ndipo dini hizi mbili zinapoachana, na msomaji wako wa pili hakupaona. Ubudha unasema mateso yapo, chanzo chake ni kiu yetu ya kung’ang’ania vitu vinavyopita, mateso hayo yana mwisho, na kuna njia ya kuufikia, yenye sehemu nane. Hakuna Muumba anayesubiriwa aje aingilie. Hata nafsi, ile “mimi” ninayoihangaikia, wanasema ukiichunguza huikuti ikiwa kitu cha kudumu. Ukristo unasema Mungu ameona machozi ya mama mmoja katika mji mmoja, akasimamisha msafara. Sisi tunaamini kwamba mtoto huyuhuyu, kwa jina lake hilihili, ataitwa aamke. Kila ninapoandika jina la mtoto katika daftari la marehemu la kigango, naliandika kama jina la mtu anayejulikana na Mungu. Siwezi kumwambia mama kwamba kumng’ang’ania mwanawe ndiko kunakomuumiza, hata kama kuna ukweli ndani yake, kwa sababu naamini upendo ule hautatupwa. Yesu mwenyewe kaburini kwa Lazaro alilia machozi.

Tazameni pia walivyokufa. Budha alikufa Kushinagar akiwa na miaka kama 80, amelala ubavu wa kulia kati ya miti miwili, ametulia, akiwahimiza wanafunzi wasiache bidii kwa kuwa kila kilichounganika hutengana. Yesu alikufa kijana, ametundikwa, akilia mbona Mungu wake amemwacha. Mtu anayeziona picha hizi mbili akasema ni kitu kimoja, hajaitazama hata moja. Mbudha anatafuta kuvuka mateso. Mkristo anaamini Mungu ameingia ndani ya mateso hayo.

Niongeze jambo ili nisiwaonee: Wabudha si wamoja, kama sisi tusivyo wamoja. Huko Japani, tangu karne ya 13, wako wafuasi wa Shinran wanaosema mwanadamu hawezi kujiokoa kwa bidii yake, na wanamtegemea kwa moyo wote Budha mwingine wanayemwita Amida. Mlutheri, anayefundishwa kwamba mtu huokolewa kwa imani, angewasikiliza kwa makini sana. Lakini wa Garuga ni wa Theravada, tapo la Sri Lanka, Thailand na Myanmar, na kwao hakuna wa kukusafisha ila wewe mwenyewe.

Basi kama tunatofautiana hivyo, kwa nini nawatetea? Kwa sababu hadithi ya Kisa Gotami imenifaa katika kazi yangu, na sioni aibu kuisema. Kuna msiba mmoja karibu na njia ya reli, mtoto wa miaka minne, malaria. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na mhubiri mmoja ameshika kipaza sauti anasema Mungu alihitaji ua katika bustani yake. Mama amekaa kwenye mkeka, ameishika ndala moja ya mtoto, ndogo, kamba yake imeshonwa kwa uzi mweusi. Anamsikiliza mhubiri bila kumsikia. Nimechoka na maneno ya namna hiyo. Mungu wa Naini hachumi watoto kama maua, na mhubiri anayesema hivyo anamsingizia. Akaja bibi mmoja muuza mukene, yaani dagaa, kutoka upande wa pili wa mpaka, akaketi chini, akaunyoosha mguu wake mbovu, akamwambia yule mama: “Wangu alikuwa na miaka sita.” Baadaye mwingine akaketi, akasema wake alikuwa na wiki mbili. Hawakutoa hotuba. Mama akaanza kulia, kilio chenyewe sasa, na akakubali kunywa uji. Kisa Gotami alikwenda nyumba kwa nyumba. Hapa kwetu nyumba zilimjia. Tangu nilipoisikia ile hadithi, kwenye misiba ya watoto nawaomba wahubiri wangoje, wanawake hawa waketi kwanza. Kisha nasimama na kusoma Luka 7.

Kuna watu wetu watasema nimechanganya dini. Wasome waraka uliotolewa na Papa Paulo wa Sita pamoja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, tarehe 28 Oktoba 1965. Ubudha umetajwa humo kwa jina, na imeandikwa kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Papa huyo si mgeni kwetu. Ndiye aliyewatangaza watakatifu mashahidi wetu 22 mwezi Oktoba 1964, ndiye aliyekuja Uganda mwaka 1969, papa wa kwanza kuitembelea Afrika akiwa katika upapa. Na zaidi ya hapo, kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya walimheshimu Mtakatifu Yosafati, mwana wa mfalme wa India aliyefichwa asione ugonjwa wala kifo. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kisa chake ni cha Siddhartha, kilichosafiri kupitia Waajemi, Waarabu na Wajojia kikabatizwa njiani.

Msomaji wa pili aliandika pia kwamba Ubudha haujawahi kumwaga damu na Ukristo umejaa damu. Hapana. Mwaka 2017 Warohingya, ambao wengi ni Waislamu, zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kutoka Myanmar, nchi ya Wabudha, na baadhi ya watawa walikuwa wamechochea chuki ile. Sisi nasi tuna Kanungu ya tarehe 17 Machi 2000, watu wa kundi moja la dini hapa Uganda walioteketea ndani ya kanisa wakiambiwa ndiyo njia ya mbinguni. Nisingependa Mbudha anipime kwa Kanungu. Kwa hiyo nami simpimi kwa Myanmar.

Shuleni kwetu mtoto anasoma elimu ya dini ya Kikristo au ya Kiislamu. Anamaliza sekondari bila kujua Mbudha anaamini nini, kisha anakutana nao kwenye simu yake, ama wakitukanwa ama wakipambwa. Wewe, Mhariri, unaweza kusaidia: wape watawa wa Garuga nafasi ukurasa huuhuu wajieleze wenyewe, kisha sisi tuwajibu.

Msomaji wa kwanza aliuliza kama mzazi Mkristo amruhusu mwanawe kwenda kukaa pale kimya. Wangu ni mtu mzima, haniombi ruhusa, lakini aliniuliza jambo hilohilo tukiwa njiani kurudi nyumbani kwake. Nilimwambia kuketi na kutuliza pumzi hakumwondolei mtu ubatizo; Zaburi ya 46 nayo inasema “Acheni, mjue ya kuwa Mimi ndimi Mungu.” Lakini siku akitaka kutamka kwamba anakimbilia kwa Budha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya yake, kama anavyosema mtu anapoingia Ubudha, aje Malaba kwanza tuketi tuzungumze, maana maneno yale ni ya kweli kwa wanaoyasema, na atakuwa amechagua.

Wako katika Kristo,

Katekista, Malaba, Wilaya ya Tororo