Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kanisa la Zamani na Suala la Lipu

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka huu tulikuwa na kazi moja kubwa, ukuta wa kusini, pamoja na mabishano yake. Mengine nayapita upesi: uzio umekamilika, kengele imetiwa grisi na inalia, na ada zinaingia kwa kuchechemea. Hesabu atazisoma mhazini.

Wanaouliza kwa nini tusipige lipu ya saruji tukamaliza, naomba wakumbuke jengo hili lilijengwa wakati gani. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakapita hapa Tabora, na Januari 1879 kundi moja likafika Ujiji. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani. Mizigo ya njia ile ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, babu zetu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kanisa letu ni la kabla yake. Nani angebeba nondo na saruji kichwani kutoka pwani? Wakajenga kwa kilichokuwepo: udongo wa hapa hapa uliochomwa tanuruni, na mninga kwa kenchi za paa na milango.

Kukosa nondo ndiko kulikotupa umbo tunalojivunia. Juu ya kila dirisha tofali zimepangwa tao, zinakabana zenyewe kwa zenyewe zisianguke. Ndani, safu mbili za matao zinabeba paa. Tao husukuma pembeni, ndiyo maana kuta ni nene na nje kuna zile nguzo za kuegemeza ambazo watoto wanazipanda kila Jumapili (wazazi, tafadhali).

Sasa lipu. Tofali zetu ni laini, zinavuta maji na kuyaachia. Zimeungwa kwa udongo na kupakwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu utoke. Zamani kidogo sehemu ya chini ya ukuta wa kusini ilipigwa saruji, kwa nia njema kabisa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ukakosa pa kutokea, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, tofali zikawa unga. Tulipoibandua, baadhi zilichoteka kwa kijiko. Fundi wa kwanza alitaka kuongeza saruji, tukaagana naye. Wa pili alikubali kazi ya taratibu: kutoa tofali zilizooza, kuweka za kuchoma zinazolingana nazo kwa ulaini, kisha chokaa. Ila kilicholeta nafuu kubwa ni mfereji wa kuondoa maji uliochimbwa na vijana wa jumuiya, na haukutugharimu zaidi ya uji na maharage.

Wapo wanaosema Serikali itatulindia jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa Waziri akiyatangaza. Shirika la Mapadre Weupe lenyewe lilianzishwa 1868, sembuse kanisa letu! Kwa hiyo kamati imeanza kuandaa maombi kwa Waziri alitangaze, na tunahitaji picha za zamani mlizo nazo majumbani. Tutazipiga nakala na kuzirudisha.

Limebaki pendekezo la dari ya jipsamu. Mimi nalipinga waziwazi: itaficha kenchi, na mchwa tayari wameonekana upande wa sakristia. Tukiwafunikia, watakula kwa amani. Kamati inapendekeza fedha hizo ziende kwenye gata na dawa ya mchwa kabla ya mvua za Novemba. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mhazini.