Risala ya Wahudumu wa Maabara na Waelimishaji Rika wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ukimwi Duniani, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali na wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Kigoma. Tunajua ratiba yako imebana, na kukubali kwako kuketi nasi ni heshima kubwa.

Kikundi chetu kilianza na watu wachache wenye nia moja na leo kinasikika mwambao mzima. Mafanikio ni mengi: tuna banda la mafunzo, tuna ubao mkubwa wa mchoro wa chembe ya damu uliopakwa rangi tatu, na wapo wavuvi wanaoweza kukueleza njia ya VVU mwilini bila kusoma popote. Historia iliyobaki tumeiambatisha.

Mheshimiwa, tunachofundisha ni hiki. Kirusi hakizaliani nje ya chembe hai, wala hakiingii chembe yoyote kinayokutana nayo. Ni kama boti: pasipo gati haishushi mzigo. Gati lenyewe ni kipokezi, molekuli iliyo juu ya utando wa chembe. Kirusi cha surua hutia nanga kwenye kipokezi kiitwacho CD150 cha chembe nyeupe. Kirusi kiitwacho parvovirus B19 hushika antijeni P, molekuli iliyo juu ya chembe changa ndani ya uboho, zile zinazotarajiwa kuwa chembe nyekundu. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu akikipata anaweza kuishiwa damu ghafla. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo hata kirusi kikiishika hakipati pa kuzaliana.

VVU hudai magati mawili. Protini yake ya nje, gp120, hushika kipokezi cha kwanza, CD4, hubadili umbo, kisha hushika kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4. Hapo gp41, protini nyingine ya kirusi, hujichoma kwenye utando wa chembe kama ndoana, utando wa kirusi na wa chembe huungana, na mzigo huingia. Wako watu waliorithi kwa baba na kwa mama jeni ya CCR5 iliyopungua herufi 32 za vinasaba; aina nyingi za VVU hazipati pa kuwaingilia. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na VVU, alipona baada ya kupandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo huko Berlin mwaka 2007 na 2008. Lakini jeni hiyo iko zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, na kwetu ni adimu mno. Kinga ya ndugu zetu ni dawa za kufubaza, na kujua kama dawa zinafanya kazi ni kupima wingi wa virusi.

Hapo ndipo penye kilio chetu.

Damu ya kipimo hicho huwekwa kwenye tyubu yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kifuniko cha zambarau, hugeuzwa taratibu mara 8 hadi 10 isigande, na ndani ya saa 24 ikiwa katika joto la chumba lazima izungushwe kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, ili plazma, yaani maji ya damu, itengwe na chembe. Ikichelewa, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga vinasaba vya virusi vilivyojificha ndani yake, huku virusi vya kwenye plazma vikiharibika. Majibu yakija hayaaminiki: anayemeza dawa vizuri anaweza kuonekana mzembe, au mwenye tatizo akapita. Plazma ikishatengwa hukaa siku 5 kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa vijiji vya kusini, ambako boti ndiyo gari na upepo ndio ratiba, tofauti ya saa 24 na siku 5 ndiyo tofauti ya sampuli kufika na kumwagwa.

Tunaomba, Mheshimiwa, sentrifuji moja ya tyubu 8 kwa kituo cha afya cha mwambao, jokofu dogo la sampuli, na betri ya sola yenye kidhibiti umeme. Betri si anasa. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, tabaka halikamiliki na chembe huchanganyika tena na plazma. Wahudumu wa kuitumia sentrifuji tunao, na wanajua kwamba tyubu lazima zikae zikikabiliana kwa uzito sawa, la sivyo mashine hutikisika hadi ikavunjika.

Ombi hili si geni. Limesomwa mbele ya wageni rasmi wawili waliokutangulia. Wa kwanza alisema limefika mahali pake. Wa pili alituambia tuandae chumba. Tukakiandaa, tukajenga meza ya zege, tukavuta waya. Meza ipo, imefunikwa kitambaa. Hatumlaumu mtu, ila wagonjwa wetu hutuuliza na sisi tumeishiwa la kuwajibu. Kwa unyenyekevu tunaomba leo utaje tarehe, na jina la afisa wa kumfuatilia.

Chumba kiko hatua chache nyuma ya jukwaa hili, na ufunguo anao katibu. Tunaomba ukione kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.