Mikindani si Boma peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wageni wanaoshuka kusini kwa barabara na kupumzika Mikindani. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kwenye Mto Rufiji, na lami ikafuata, safari ya kutoka Dar es Salaam si adhabu tena. Hata hivyo, mwenye haraka ya kuvuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji hukata kona Mnazi Mmoja, mkoani Lindi, akaelekea Masasi bila kutuona. Anayefika kwetu, basi, amekusudia kufika, na ndiyo maana mapokezi yetu yananisikitisha.

Hupandishwa kilimani penye Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na ambalo sasa ni hoteli, akapiga picha za ghuba. Huelezwa kwamba Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, kisha anaondoka. Chuma na Susi, waliokuwamo katika msafara huohuo na ambao, baada ya bwana wao kufariki mwaka 1873, waliongoza wenzao kuufikisha mwili wake Bagamoyo, hawatajwi. Ungedhani Mzungu yule alitembea peke yake.

Wala haelezwi kwamba hii ilikuwa bandari ya majahazi kabla Mjerumani hajatia mguu, wala haingizwi vichochoroni kuziona nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zenye milango ya nakshi. Nyumba hizo zinaanguka. Nyingine zimepigwa plasta ya saruji kwa nia njema, lakini saruji hufungia ndani ya ukuta unyevu ambao chokaa ingeuacha utoke, hata plasta ikabanduka na boriti zikaoza.

Naomba mamlaka zinazohusika zifikirie ada ndogo kwa kila gari la watalii linalosimama hapa, na fedha hizo zinunue chokaa na kulipa mafundi, kwa kuwa warithi wengi wa nyumba hizo hawana uwezo wa kuzikarabati. Ziara nayo ianzie chini, mjini, na Boma liwe la mwisho. Wazee wanaozijua nyumba hizo kwa majina ya wenyewe bado wapo. Vijana wanaoongoza wageni wakae nao kwanza.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara