Shukrani kwa fundi wa masanduku, Kamukunji

Fundi, jina lako sikuliuliza, lakini shukrani hizi ni zako wewe mwenye kibanda cha masanduku ya bati pale jua kali, kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi.

Binti yetu yuko gredi ya 9, na somo la ufundi lilikuwa limemkwama kwenye michoro: kitu kimoja, ukichore kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu. Sisi wazazi ni watu wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu Kenya (na wa ushairi zaidi!), kitabu chake tulikuwa tukikitazama tu.

Tulipofika naye kibandani kwako, uliacha nyundo, ukaweka kisanduku juu ya karatasi ya kaki, ukamwambia apitishe penseli kukizunguka. Huo mchoro wa juu. Ukakilaza chali: huo wa mbele. Kisha ukampangia: wa juu unakaa chini ya wa mbele, kingo zikilingana wima, na kile jicho lisichokiona huchorwa kwa mistari ya vipande vipande. Ukamwonyesha na bati lililopigwa alama, kabla halijakunjwa, akacheka kwa furaha.

Sisi ukatuambia tusimshikie penseli, tumuulize tu anaona nini akisimama upande huu. Tumeshika hilo. Siku hizi baba mtu haruhusiwi kusogeza kopo la majani ya chai mezani mpaka lichorwe.

Pesa ya soda uliikataa. Basi mwakani akiingia gredi ya 10, sanduku lake la bweni ni kwako, na hiyo bei usitupunguzie.