Sonona ya wazee si upweke peke yake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu wazee wanaojiua, ambao mara nyingi humalizwa kwa neno moja: upweke. Upweke upo na unaumiza, lakini hautoshi kueleza kwa nini, kati ya wazee wawili wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mmoja hujaribu kujiua na mwingine hafiki huko.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, wakiwamo Alexandre Dombrovski na Katalin Szanto, walionyesha mwaka 2010 kwamba wazee wenye sonona waliowahi kujaribu kujiua, walipopewa zoezi la kujifunza kwa tuzo na adhabu, walielekea kuchagua kwa kufuata matokeo ya mara ya mwisho, huku wakiyapa uzito mdogo yale ya nyuma. Utafiti wao wa mwaka 2013 ulihusisha historia hiyo ya kujaribu kujiua na udhaifu wa ishara ambazo ubongo hutoa unapotarajia tuzo. Nionavyo mimi, pigo la leo, liwe deni au ugomvi wa nyumbani, laweza kumfunikia mzee miaka 70 ya kuvuka shida, na hilo linanitia uchungu.

Kwa hiyo wahudumu wa afya wamuulize waziwazi kila mzee mwenye sonona kuhusu mawazo ya kujiua, kwani kuuliza hakupandikizi wazo hilo. Waandike naye, akiwa ametulia, mpango wa usalama unaotaja watu wa kuwaita dhiki inapomzidi, na mmoja wa jamaa anaowaamini apewe nakala siku hiyohiyo.