Fleshi haijafa, tuacheni kuzizika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi, hasa wa hapa kwetu Pemba. Tumezidi kuzizika fleshi za watu zingali hai. Mteja hajamaliza kusalimia, sisi tushamwambia imekufa, nunua mpya.

Wiki mbili nyuma aliingia dukani kwangu maalim mmoja wa skuli, jasho linamtiririka, fleshi kaifunga kwenye leso. Mna alama za wanafunzi za muhula mzima. Alikuwa akizijaza kwenye kompyuta ya skuli, umeme ukakatika. Duka alilopita mwanzo wanatumia Linux kama mimi, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Fleshi ikagoma kufunguka, kijana wa duka akataka kuifomati palepale, yaani kuifuta yote ianze upya. "Dada, nimemnyang'anya mkononi," maalim akaniambia.

Linux mimi nilihamia kwa sababu ya virusi. Fleshi za wateja zilikuwa zinakuja mafolda yamefichwa, zimebaki shotikati tupu. Virusi vile vimetungwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux nayaona mafolda yote yametulia mahali pake.

Basi nikaichomeka. Taa ikawaka, kwenye skrini hola. Nikafungua dirisha la amri nikaandika lsblk -f, amri ya kuorodhesha diski. Ikatokea sdb1, jina ambalo kompyuta imeipa fleshi, na mbele yake ntfs, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili uliotumika. Hapo roho ikatulia, maana fleshi iliyokufa kweli haitaji hata jina lake. Nikamuuliza maalim, nani kaigeuza kuwa NTFS? Akacheka kwa aibu: mpwawe, ili iingie video ya harusi. Ni kweli, FAT32, mpangilio uliozoeleka kwenye fleshi, haipokei faili linalofika GB 4.

Nikaandika sudo dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, nikasoma mistari ya mwisho. Ilisema diski ni "chafu". Uchafu wenyewe si virusi wala vumbi. Mfumo ukianza kuandika kwenye fleshi huweka alama, na ukimaliza na kufunga vizuri huiondoa. Umeme ukikatika katikati alama inabaki, kama daftari la madeni lililoachwa jina limeandikwa nusu. Dereva mpya wa NTFS, yaani programu inayoiwezesha Linux kusoma na kuandika mpangilio huo, ulioingia kwenye Linux toleo 5.15 mwaka 2021, ni mkali kama msimamizi wa mtihani: akiiona alama ile hakufungulii uandike. Lakini kusoma anakuruhusu, na hapo ndipo wengi wetu tunapopapita.

Nikaandika:

sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/sdb1 /mnt

Ile ro maana yake kusoma tu, hakuna kitakachoguswa. Mafaili yakajipanga. Maalim alivuta kigoda akakaa, hakusema kitu. Nikanakili yote kwenye kompyuta yangu kwanza, tukafungua lile la alama za wanafunzi tukahesabu majina mpaka la mwisho. Safu mbili za chini zilikuwa tupu, zile alizokuwa akizijaza umeme ulipoondoka. Baada ya hapo tu ndipo nilipoiondoa kwa umount, nikaandika sudo ntfsfix -d /dev/sdb1 kufuta ile alama ya uchafu. Nikamwambia pia, hii si tiba kamili. Akipata kompyuta ya Windows aikague kwa chkdsk, programu yake ya kukagua diski.

Jamani, herufi ile ya sdb muitazame mara mbili. Kwenye kompyuta nyengine sdb ni diski ya ndani, na amri haina huruma.

Na sisi wenyewe tuna makosa. Tunanakili faili kubwa, mstari ukifika mwisho tunang'oa fleshi tumkabidhi mteja. Linux huwa bado imeshika sehemu ya kazi kwenye kumbukumbu, haijaiteremsha. Mtu anafika Wete, faili halifunguki, lawama kwa fleshi. Bofyeni kitufe cha kutoa, msubiri ikubali. Mimi humwambia mteja akae kidogo anywe maji.

Maalim aliuliza anilipe ngapi. Nikamtoza karatasi alizochapa, basi. Jana kamtuma mpwawe alete fleshi nyengine, nayo ameifunga kwenye leso ileile.

Mwenye duka la kuchapa,
Chake Chake, Pemba