Yaya, achana na mashine ya kukaangia

Johannesburg, mwezi wa nane

Jambo Yaya, mkubwa wangu,

Jambo kwa Mama, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Kamalondo, Lubumbashi. Mimi niko salama, kazi inaendelea, na baridi ya huku imeanza kulegea. Sauti uliyonitumia niliisikiliza ndani ya teksi, nikacheka peke yangu mpaka mama aliyekaa kando akanitazama vibaya. Kwa hiyo umeamua: utauza kuku jioni mbele ya nyumba. Niko pamoja nawe, na hela ya kuanzia itakuja. Ila hiyo mashine ya umeme ya kukaangia anayoitaka shemeji, achana nayo.

Najua wazo lilikotoka. Aliona picha niliyotuma nikiwa na ndoo ya KFC, ile migahawa ya kuku wa kukaanga. Ni kweli, watu wa huku wanaipenda. Imekuwapo nchi hii tangu 1971, na mishahara ikitoka foleni inafika mpaka barabarani. Lakini jikoni kwao kuku anakaangwa ndani ya mashine inayofungwa kifuniko na kubana mvuke, ndiyo maana anaiva haraka na nyama haikauki. Hiyo atakayouziwa shemeji mjini ni beseni la mafuta lenye waya wa umeme, basi. Umeme wa Kamalondo unaujua kuliko mimi. Na mafuta? Siku ya kwanza yanang'aa, wiki ikiisha yamekuwa meusi na wewe unaona uchungu kuyamwaga.

Kama ni mimi, ningechoma. Karibu na pale ninaposhukia teksi kuna mama anawasha moto kila siku jua likianza kushuka. Pipa limepasuliwa kati kwa urefu, wavu juu yake, kuku wamelazwa. Hana meza, hana bango. Anakupa robo kuku, kipande cha bukari, yaani ugali, na nyanya zilizochanganywa na kitunguu na pilipili, vyote katika kisahani kimoja, unakula umesimama na mkono unaungua. Bukari wao ni mahindi matupu, hawatii unga wa muhogo hata kidogo, na kwa mtu wa Lubumbashi unakosa ule mvuto wa kwetu. Kuku lakini, Yaya, ni kuku!

Nimemtazama sana yule mama anavyofanya. Makala, yale makaa ya moto, anayasukuma upande mmoja wa pipa. Kuku anaanzia upande usio na makala, mifupa chini, ngozi juu, na anaachwa hapo atulie kwenye joto mpaka mafuta yaanze kudondoka. Mama hana haraka, anapiga soga. Kisha anamsogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye moto, na ngozi anaigeuza chini mwishoni kabisa, dakika chache tu, apate rangi. Kabla ya kukata anachoma kisu pale paja linapoungana na mwili: maji yakitoka meupe anauza, yakiwa na wekundu anamrudisha. Kwetu tunakimbilia rangi kwanza. Nje kuku mweusi, ndani damu, na mteja harudi tena.

Kuhusu viungo, nikupeleke Rosettenville, mtaa wa kusini mwa mji. Wareno wengi waliishi huko, baadhi yao wakitokea Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, na walikuja na kuku wao wa pilipili. Hapo ndipo mwaka 1987 Fernando Duarte na Robert Brozin walinunua mgahawa mdogo wa kuku wakauita Nando's, ambao leo uko mpaka Uingereza. Siku hizi ukitembea huko unasikia Kiswahili na Kilingala kila kona. Kuku wa namna yao hana siri kubwa. Anapasuliwa mgongoni kuanzia shingoni mpaka mkiani, anafunguliwa kama kitabu, anabanwa kwa kiganja mpaka mfupa wa kifua ulie, ndipo awe bapa na aive sawasawa. Halafu analala usiku kucha ndani ya kitunguu saumu, ndimu, mafuta, chumvi na pilipili ndogo kali. Na mezani mteja anachagua mwenyewe ukali anaoutaka. Hilo ndilo nataka uige. Viungo vya kulazia viwe vya upole, pilipili iwe bakuli mbili kando, moja ya watu wa kawaida na moja ya baba mkwe wako.

Uliuliza napika nini nyumbani. Kuku, Yaya, karibu kila siku, maana huku ndiye nyama ya bei nafuu. Kwetu kuku akichinjwa ujue kuna mgeni. Huku anapikwa hata na mtu aliyegombana na wote. Tunanunua mfuko wa kilo mbili wa vipande vilivyogandishwa, vingi vyao vimedungwa maji ya chumvi kiwandani. Tangu 2016 sheria inasema maji hayo yasizidi asilimia 15 kwa vipande na asilimia 10 kwa kuku mzima, lakini hata hivyo ukivitia sufuriani bila tone la maji, muda mfupi vinaogelea. Kwa hiyo mimi naacha maji yakauke yenyewe, ndipo naweka mafuta na kitunguu, na chumvi naionja mwisho. Na wewe ukinunua kuku wa kongeleta, aliyegandishwa, hapo, fanya hivyo hivyo: onja kwanza. Myeyushe usiku ndani ya frigo au sanduku la barafu, na akishayeyuka usimrudishe kugandishwa.

Kuku wa mukini, yule wa kijijini, usimweke wavuni akiwa mbichi, atakuaibisha. Mchemshe kwanza na tangawizi mpaka uma uingie, halafu moto umalizie, na ule mchuzi uuze kikombe kikombe kwa watu wa asubuhi. Wale waliochoka kutaga mayai ndio wagumu zaidi. Huku wanauzwa hai kandokando ya barabara, na Jumapili watu wanawachemsha saa nyingi. Ni watamu sana, ila ni wa sufuria. Wa kuchoma ni yule wa wiki tano au sita.

Sehemu hii usimsomee Mama: juzi nilikula firigisi sahani nzima peke yangu. Hapa zinauzwa zimepangwa kwenye trei kama kitu cha kawaida, yeyote ananunua, hata mtoto. Nilipomaliza nikamkumbuka Baba na kile kimoja chake, pembeni ya sahani, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa.

Sasa kazi. Fundi wa pipa yuko pale karibu na njia ya Katuba, lakini mwambie lisiwe pipa lililobeba dawa za migodini, hata akuapie kwamba limeoshwa. Chukua la mafuta ya kula. Wavu usiwe wa waya uliopakwa zinki, moshi wake ni mbaya ukishika moto. Atafute nondo nyembamba azichomelee. Anza sasa kabla mvua hazijaanza, ujue wateja wako ni nani ndipo ufikirie kibanda. Mbabula ya zamani ya Mama, lile jiko la makala, iweke kando kwa ajili ya bukari.

Hela utaipata wiki hii kwa njia ile ile. Niandikie bei ya gunia la makala na ya kuku mmoja pale soko la mtaa wa Kenya, ili tupige hesabu robo utaiuza franka ngapi. Na shemeji umwambie kwa upole.

Ni mimi, mdogo wako